Chumba cha Tano

Nakumbuka asubuhi moja kule Keza, nikiwa bado mke mgeni, mume wangu Enosi alipochomeka vigingi na kufunga kamba kupima nyumba yetu. Nilihesabu vyumba nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Vitano. Sisi tulikuwa wawili na mama yake, na mwingine nilikuwa nimembeba tumboni.

Mwanangu, mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni aibu kusema. Nilimwuliza cha tano ni cha nani. Akasema cha wageni, huku akiangalia pembeni. Mgeni gani wa kujengewa chumba? Wageni wetu siku zote walilala sebuleni na hakuna aliyelalamika. Tangu hapo, akiniaga kwamba anakwenda Kaniha kutafuta mbegu, nilimsindikiza kwa macho mpaka baiskeli ipotee, na akirudi nilinusa shati lake kabla ya kulifua. Jirani yangu ndiye aliyenimaliza kabisa. Aliniambia mwanaume akipima vyumba vingi namna ile, kuna mwenzangu njiani. Nikakunja nguo zangu na kuziweka tayari, ili nikimsikia tu huyo mwanamke nirudi kwetu.

Sasa, mama mkwe alikuwa amevuka kutoka Burundi na watoto wake na mkeka mmoja, na alikuwa na desturi aliyotoka nayo kambi ya wakimbizi, ambako kila mkeka ulikuwa na mwenyewe. Kwake msingi hauchimbwi mpaka atandike mkeka ndani ya kila chumba, palepale kwenye kamba, na aambiwe nani atalala hapo. Enosi akajibu haraka haraka: sisi, watoto, mama, na cha nne ghala la mahindi na maharage. Kwenye cha tano akaangalia pembeni. Mama akaketi juu ya mkeka.

“Sinyanyuki hapa mpaka nisikie jina,” alisema.

Nilisogea karibu, lisije likanipita.

“Dativa,” Enosi akajibu.

Jina lenyewe, mchana kweupe, mbele yangu! Nilifungua mdomo niyamwage yote niliyokuwa nimeyahifadhi, ndipo nikamwona mama mkwe amejifunika uso kwa kitenge, analia. Dativa alikuwa binti yake, mdogo wake Enosi, aliyepotelea kwenye msongamano siku ile walipokimbia. Katika nyumba yao hakuna aliyewahi kumtaja. Mimi niliyeolewa pale sikujua kama aliwahi kuzaliwa.

Mama alipotulia alimshika mwanawe mkono. “Akija atalala na mimi,” alisema. “Usinijengee chumba cha kufagia kila siku hakina mtu.”

Aling'oa vigingi vya chumba kile kwa mikono yake, akasogeza vya chumba chake kwa upana wa mkeka mmoja. Tukajenga vinne. Mimi nikarudisha nguo zangu kimyakimya. Dativa hakuja, lakini mkeka wake ulitandikwa kando ya mama mpaka mama alipofariki.

Nasikia wewe na mumeo mnataka nyumba kubwa kule Runazi, na fundi ameshaitwa. Nawashuku, nakuambia wazi, na mumeo namshuku zaidi. Kabla jembe halijagusa udongo, pita naye chumba kwa chumba umwulize nani atalala hapa. Akiangalia pembeni, usinuse shati wala usiende kwa jirani. Keti chini usubiri jina. Huenda ni mtu wa kukuumiza wewe, na huenda ni mtu anayemuumiza yeye, lakini hutajua ukiwa umesimama mbali na ndoo kichwani. Jengeni vyumba vya watu mnaoweza kuwataja, na mbakize nafasi ya mkeka mmoja kwa atakayerudi.

Mungu aijaze nyumba yenu, mwanangu, na kila jina mtakalolitaja lipate mwenyewe wa kuitika.