Picha ya Kumi na Mbili

Nilikuwa mpiga picha Karatu kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumpiga picha mama yangu. Kinyozi hajinyoi, watu walikuwa wakinitania. Niliwapiga maharusi, watoto wa kipaimara, na wafugaji waliotoka Malambo kuja mnadani. Mama nilikuwa namwambia wiki ijayo, naye hakuwa mtu wa kuomba jambo mara mbili.

Kamera yangu ilikuwa kuukuu, ya macho mawili, ile unayoinama na kuchungulia kioo chake kwa juu, na humo ndani kulia huonekana kushoto. Lakini nilichojivunia hasa ni stendi yake ya miguu mitatu. Wenzangu mjini walishika kamera mkononi, na picha zao zilitikisika. Katika picha yangu ungeweza kuhesabu vifungo vya shati. Nililisema hilo kwa kila mteja, hata asiyeniuliza.

Miaka ya themanini ilipoanza, mama akaugua. Hospitali walimtibu, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani Mbulumbulu, na sote tulielewa maana yake. Ndipo nilipokumbuka kwamba uso ule haukuwa kwenye karatasi yoyote hapa duniani. Wakati ule hata sabuni ilikuwa adimu, sembuse filamu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, watalii wa kwenda Krateri walikuwa wachache, na filamu zangu nyingi zilikuja mikononi mwa madereva wao. Nilibaki na moja tu. Ilikuwa ya picha kumi na mbili, na kumi na moja nilikuwa nimeshazimaliza kwenye harusi. Ya kumi na mbili nikamwekea mama.

Nilifika asubuhi, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka kwenye mashamba ya ngano. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, amejifunga shuka lake zuri, maana nilikuwa nimetuma habari kwamba nakuja. Nilipokuwa nikimwamkia, ukungu ulifunguka kidogo, jua likaingia dirishani na kumwangukia usoni. Alitabasamu. Kamera ilikuwa kifuani pangu, tayari. Ningeinama tu na kubonyeza.

Sikubonyeza. Nilisema moyoni, mama yangu siwezi kumpiga picha kwa mkono kama wale wababaishaji wa mjini. Nikafungua stendi.

Tundu la chini ya kamera ile lilikuwa pana kuliko skrubu ya stendi, na katikati yake huwekwa kipete cha shaba ili vishikane. Kipete kilianguka, nikakitafuta kwa kupapasa sakafuni. Nilipokipata na kukaza, mguu mmoja ulikuwa unazama kwenye udongo, nikautilia gunzi la mahindi. Kamera ikainamia upande. Nikalegeza, nikainua, nikakaza tena, nikarudi nyuma kuangalia kama iko sawa.

"Bado tu, baba?" mama aliniuliza kwa Kiiraqw. "Hata ng'ombe mkorofi ningekuwa nimeshamkamua."

Tulicheka wote wawili, na kucheka kukamletea kikohozi. Nilisubiri kikohozi kipite. Kilipopita, jua lilikuwa limeshafunikwa na chumba kimekuwa na giza, kiasi kwamba kamera ilihitaji kukaa wazi sekunde mbili nzima. Sikujali. Stendi ilikuwa imara kama nguzo ya nyumba. Nikamwambia mama asitikisike hata kidogo mpaka nimalize kuhesabu, akakubali kwa kufumba macho na kuyafumbua.

Nikabonyeza. Moja.

Sauti ikaita kutoka uani. Alikuwa mama jirani, rafiki yake tangu ujana, amemletea maziwa mgando. Kwetu mtu hafiki mlangoni kimya. Huita akiwa bado mbali, na mwenye nyumba humjibu kabla hajafika kizingitini. Usipomjibu, umemfukuza. Mama alikuwa amesahau mambo mengi kwa ule ugonjwa, ila hilo hakulisahau. Aligeuka mlangoni, akamkaribisha kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Mbili.

"Imetoka?" akaniuliza.

"Imetoka, mama."

"Basi. Sasa hamtanisahau."

Mama jirani akaingia na kibuyu chake, akacheka kuona kamera imesimama kwa miguu mitatu kama mgeni wa tatu mle ndani. Nikamwamkia. Ningemwambia nini? Kesho yake nilikwenda Arusha kutafuta filamu nyingine na kupeleka ile ikasafishwe. Filamu nyingine sikupata. Dereva mmoja aliniahidi, akaniletea kweli, siku tisa baada ya kumzika mama.

Siku ya mazishi mama jirani alinishika mkono. "Mwanangu, ile picha niliyokukuta ukiipiga, nionyeshe siku moja nimwone mwenzangu."

Picha ilikuwa ndani ya koti langu. Nikamwambia filamu iliingia mwanga, ikaungua. Aliniambia pole, akalia, nami nikalia naye. Mama jirani naye alikufa baadaye bila kujua, na wala halikuwa kosa lake. Lilikuwa langu, mimi fundi wa stendi.

Ninayo hadi leo. Stendi ilifanya kazi yake vizuri mno. Kigoda kinaonekana mpaka nyufa zake, na shuka lile ukitaka utahesabu mistari. Vidole vya mama vimetulia gotini, kila kimoja na kucha yake. Juu ya shingo kuna ukungu tu, umeelekea mlangoni.

Mikono yake naikumbuka sana, kwa kuwa naiangalia kila siku. Uso nimeanza kuusahau.