Njura wa Idara Mbili

Ukitaka kumtesa mtoto wa watu, mpe idara mbili. Moja pekee inatosha kumzeesha, lakini Misheck Njura wa Kianjokoma, huko Embu juu kunakolimwa majani chai, alipewa mbili kwa mpigo: hesabu na teknolojia ya habari, digrii mbili, katika chuo kimoja huko Meru. Jamani, furaha ya siku ile! Cucu Celina, nyanya aliyemlea tangu mama yake afariki, alicheza hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Njura alibeba jina la babu yake, marehemu mume wa Celina, na kwa desturi ya Waembu nyanya yake alimwita mume wangu.

"Mume wangu atasoma mbili," aliwaambia akina mama wa kanisa. "Wenu wasome moja moja."

Walicheka, yeye hakucheka. Alimaanisha.

Njura alipanga chumba Majengo, mjini Meru, nyuma ya bucha, akaanza masomo kwa moyo mweupe. Haukupita muda akajua amejiingiza wapi. Mtihani wa hesabu ungewekwa asubuhi ileile ya mtihani wa kompyuta. Akienda idara ya hesabu kulia, aliambiwa, "Si wewe ni wa kompyuta?" Akienda ya kompyuta, aliambiwa yeye ni mtu wa hesabu. Walimpiga danadana hivyo mwaka baada ya mwaka, na mtihani aliokosa aliusubiri hadi mwaka uliofuata. Wenzake walioanza naye walichoka, wakachagua upande mmoja, wakamaliza na kwenda zao. Njura alibaki peke yake. Angerudije nyumbani kumwambia Cucu kwamba mbili zimekuwa moja? Ukaidi huo ndio uliomponza.

Hatimaye ikabaki kazi moja tu, mradi wa mwisho, mmoja kwa idara zote mbili. Masharti yalikuwa ya kikatili. Ukipita, digrii zote mbili ni zako. Ukishindwa, huna hata moja. Na Njura alikuwa amekawia mno. Daktari Kithaka, mkuu wa idara ya hesabu, alimwambia ana kwa ana kwamba muhula ule ukiisha bila mradi, chuo kitamfuta.

Akafanya kazi, haki ya Mungu, alifanya. Msimu mzima alizunguka mashamba ya Mitunguu, akiangalia ugonjwa wa migomba unavyohama kutoka shamba hili kwenda lile, akaandika milinganyo ya kuukadiria na programu ya kuuonyesha. Yote aliiweka kwenye kompyuta yake ya kupakata, na nakala moja kwenye flashi. Wasimamizi wake wawili walikuwa wamemwambia amalize kwanza ndipo awaletee.

Akaenda nyumbani kumalizia sura ya mwisho mahali penye utulivu. Mvua ya Aprili ikamkuta juu ya pikipiki, ikamlowesha yeye na mkoba. Alifika akitetemeka, akatoa betri, akaifuta kompyuta kwa shuka na kuiweka mezani.

"Cucu, hii isiguswe na mtu," alisema. "Ikauke vizuri kabla sijaiwasha. Maisha yangu yote yamo humu."

Asubuhi aliamka akabeba majani chai ya Cucu hadi kituo cha kukusanyia chai. Lori lilichelewa, kama kawaida yake, na Njura akakaa foleni hadi mchana.

Sasa, juu ya meko ya kwao kuna itara, uchaga wa miti uliotundikwa juu ya moto. Huko ndiko mbegu hukaa: mahindi, maharagwe, chochote ambacho nyumba haithubutu kukipoteza. Moshi hufukuza wadudu, na joto huondoa unyevu. Tangu aolewe, Celina hakuwahi kupoteza mbegu hata msimu mmoja. Na siku hiyo alikuwa anawapikia wachumaji wa chai githeri ya mahindi na maharagwe, moto mkubwa tangu alfajiri.

"Kitu chako nimekuwekea mahali pazuri," alimwambia Njura alipoingia, akionyesha juu kwa mwiko. "Hapo hata panya hafiki."

Njura alipanda kigoda, akaishika, akaungua vidole. Kifuniko cha kompyuta kilikuwa kimejikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni.

"Asante, Cucu," alisema. Kisha akatoka, akaenda katikati ya michai, akalia kwa kwikwi kama mtoto.

Fundi wa Embu mjini aliifungua, akainusa. "Boss, hii mlikuwa mnaichoma ama?" Akatikisa kichwa. Hakuna kilichopona ndani. Na ile flashi? Ilikuwa imeingiwa na virusi kwenye saiba fulani ya Meru, duka la kukodisha kompyuta. Majina ya faili yalionekana, lakini ukiyafungua, patupu. Karatasi za Mitunguu alishazitupa baada ya kuzichapa. Na migomba yenyewe iliyougua ilikuwa imeng'olewa.

Akaenda kwa Daktari Kithaka. "Kompyuta ikiharibika hayo ni mambo ya watu wa kompyuta," aliambiwa. Akaenda kwa Bi. Makandi wa idara ya kompyuta, na huyo angalau alimpa kiti.

"Pole sana, Njura. Lakini kuongezewa muda lazima hesabu waanze kukuombea. Wewe ni wao."

Njura alitaka kupiga kelele. Alisema asante, akatoka. Muhula ukaisha, akafutwa.

Alirudi Kianjokoma mchana mmoja wa jua, akamkuta Cucu nje akichagua maharagwe kwenye uteo. Njura alikuwa amekondeana kwa hofu, hata salamu ilimshinda.

"Nimeanguka, Cucu. Sitapewa digrii."

Mkono wa bibi ulisimama. "Ipi? Ya hesabu au ya kompyuta?"

"Zote mbili."

Celina aliuweka uteo chini. Macho yakamjaa machozi, na ghafla hasira ikampanda. "Zote? Kwa nini? Ulikosa nini kwangu? Hukula? Hukuombewa? Ulikuwa unafanya nini huko Meru miaka yote hiyo?"

Jibu lilikuwa mdomoni, la kweli, fupi. Njura aliitazama mikono ile iliyokunjamana, iliyomwosha na kumlisha, akaona jinsi neno hilo moja lingemmaliza mwenye mikono.

"Ulizembea?" bibi aliuliza. "Niambie, ulizembea?"

"Ndiyo, Cucu," Njura akasema. "Nilizembea."