Fisi Aliyenisomesha

Nilipelekwa shule kwa sababu ya fisi. Si siri. Kaka yangu husimulia kisa hicho kila anapopata watu wa kumsikiliza, nami hucheka pamoja nao, maana nisipocheka nitaonekana nimekasirika.

Enzi hizo, kwa wafugaji kama baba yetu, shule haikuwa tuzo ya mtoto hodari. Mtoto hodari alibaki na mbuzi. Aliyepelekwa shule ni yule ambaye mifugo ilipotea mikononi mwake, aende akawasumbue watu wengine. Jioni moja nilirudisha kundi nyumbani likiwa limepungua mbuzi mmoja mwenye mimba. Nilikuwa nimekaa kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, nikichora ng'ombe kwa kijiti, naye akabaki nyuma vichakani. Tulimkuta asubuhi, yaani tulikuta pembe na vipande vya ngozi. Baba hakunichapa. Alinitazama kwa muda, akamwambia mama kwamba huyu hana macho ya mifugo, na shule zilipofunguliwa nikapelekwa kwa mapadri. Kaka, mwenye macho, alibaki. Karo yangu yote ilitoka kwenye mbuzi aliowachunga yeye. "Mfadhili wako ni fisi," huniambia mpaka leo, "lakini mbuzi walikuwa wangu."

Shule ilinifikisha kidato cha nne, na kidato cha nne kikanifikisha kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Lodwar. Nauza misumari, mabati, nyaya, kufuli, mapanga. Kazi yangu hasa ni kulinganisha. Mtu anaingia anataka bawaba, namwekea tatu juu ya meza, namweleza ipi itashika kutu kabla ya Krismasi na ipi itamzika. Wateja wanaosita mno nawatania kwamba mchagua jembe si mkulima. Wanacheka, wananunua.

Mwaka huu, mvua zilipochelewa, kaka alinipigia simu. Anaishi ng'ambo ya Kakuma, upande wa milimani, kama mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka mjini, na ili apate mtandao hulazimika kupanda kilima. Alisema fisi wameanza kuzunguka boma usiku. Uzio wa miiba umelala upande mmoja, naye amechomwa na mwiba mguuni, mguu umevimba, hawezi kukata mingine. Mkewe ana mtoto mchanga. Watoto wao wakubwa wako bweni Kakuma, na aliyemshawishi awapeleke wote, asibakize hata mmoja wa kuchunga mbuzi, ni mimi. Akaniomba nije siku mbili tu, tukate miiba pamoja. Nije na panga, kwa sababu la kwake limekatika mpini.

Nilisikia yote hayo. Lakini lililobaki kichwani mwangu baada ya simu kukatika lilikuwa neno moja tu, fisi. Nikajiambia kwamba miaka yote hii nimekula mbuzi wa kaka yangu, na sasa, kwa mara ya kwanza, nitampelekea kitu ambacho hakuna mchungaji upande ule aliyewahi kuwa nacho.

Kwenye simu nilikuwa nimeona video za wawindaji wa nchi za mbali wakitumia pinde za kisasa. Si fito iliyopindwa. Ni chombo cha chuma chenye magurudumu madogo kwenye ncha zake mbili, na ugwe unaopita humo kama mnyororo wa baiskeli. Sisi Waturkana ni watu wa mkuki. Upinde tuliuona kwa majirani, na mara nyingi tulianza kwa kuuona mshale. Labda ndiyo maana ulinivutia. Nikaanza kutazama video hizo dukani wateja wakipungua, nikatazama nikila, nikatazama kitandani. Nilijua sheria hairuhusu kuwinda, na kwamba hata fisi ana serikali inayomtetea. Nikajiambia kwamba kulinda boma si kuwinda. Mke wangu alisikiliza maelezo yangu kuhusu magurudumu siku tatu mfululizo, halafu akauliza kama ninataka kumlinda kaka au kuoa upinde.

Nilicheka. Nilikuwa nafurahia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mengine yote. Kaka yangu alikuwa akilala nje ya nyumba yake, mkuki mkononi, mguu umevimba, na mimi nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu utotoni.

Jumamosi nikaenda Kakuma. Kule kwenye kambi ya wakimbizi kuna mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini ambaye huagiza chochote Nairobi na kikafika: redio, betri za sola, wigi, gitaa za kwaya. Nilikuwa nimempigia mapema. Aliniambia anazo pinde mbili mpya, za michezo, alizoagizwa na mteja aliyeshindwa kuja kuzichukua. Alinisalimu kwa ejok, salamu yetu ya Kiturkana, kama wote waliokaa kwetu muda mrefu, akanipa soda na kiti, akazishusha kutoka ukutani.

Wa kwanza ulikuwa mweusi, mzito, wa kuvuta kwa nguvu zote za bega. Siri yake ni kwamba ukishaufikisha ugwe mwisho, uzito unapungua ghafla, unaweza kushikilia na kulenga bila mkono kutetemeka. Nilipofika pale mwisho na uzito ukanitoka, niliguna kwa raha, na mwenye duka akaguna pamoja nami. Wa pili ulikuwa mwepesi, umepakwa rangi ya majani mabichi ili mwindaji asionekane. Nikamuuliza kule kwetu nitajificha kwenye majani gani. Lakini ule mwepesi unaweza kulegezwa na kukazwa kulingana na anayeuvuta, na kaka si mnene. Mweusi ulikuja na mishale sita, mwepesi na mitatu. Nikauliza kuhusu vumbi kwenye magurudumu. Nikauliza ugwe ukikatika nani ataubadilisha, maana nilikuwa nimesoma kwamba haubadilishwi kwa mikono mitupu, unataka mashine.

"Mzee, hii nyeusi ni ya mwanaume," alisema mwenye duka. "Ile ingine ni ya kujifunza. Lakini fisi yako iko mingapi?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza kaka.

Nilikaa pale mpaka alasiri, nikivuta mmoja, nikivuta mwingine, bega likaanza kuuma. Mwishowe nikasema nitafikiria. Nje, kijana wa bodaboda aliyenijua alinisimamishia pikipiki, akauliza kama tunaenda kwa kaka. Nilitazama ile njia ya milimani. Nitafikaje kwa kaka mikono mitupu, wakati nimeshajiahidi kumpelekea kitu? Nikamwambia Jumamosi ijayo. Nikapanda gari, nikarudi Lodwar nikilinganisha njia nzima.

Siku ya Alhamisi shemeji alipiga. Alikuwa amepanda kile kilima mwenyewe, mtoto mgongoni, kwa sababu mguu wa kaka haukukubali tena. Fisi waliingia usiku, pale pale uzio ulipolala. Fisi akiingia kwenye boma hali mmoja akashiba. Huuma huyu, akamwacha, akamrukia yule. Kaka alipiga kelele, akatupa mkuki, akaanguka. Kilichobaki cha kundi, alisema shemeji, unaweza kukitazama bila kugeuza shingo. Hakulia. Aliuliza tu kama nitakuja.

Jumamosi nilifika Kakuma asubuhi. Ungedhani mtu ambaye ameshaona matokeo ya upuuzi wake ataachana nao. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye lile duka, nikanyoosha kidole, nikachukua ule mweusi bila kuuvuta hata mara moja. Sijui nilitaka nini. Nadhani niliogopa kusimama mbele ya kaka bila kitu cha kushika.

Nilimkuta kaka amekaa kwenye kigoda chake, mguu ameunyoosha juu ya ngozi. Tulisalimiana kirefu, kama inavyotakiwa, tukaulizana habari za mke, za watoto, za mvua, mpaka zikabaki za mbuzi, na hizo hakuna aliyeziuliza. Nikafungua mfuko, nikampa upinde.

Aliupokea kwa mikono miwili. Aliugeuza, akazungusha gurudumu moja kwa kidole gumba, akaunusa. Halafu akauvuta, akiwa amekaa vile vile, mpaka mwisho, na ule uzito ulipopungua alitabasamu kama nilivyotabasamu mimi. Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilifikiri nimesamehewa.

"Ni chombo kizuri," alisema, akanirudishia. "Lakini mkuki ninao. Mtu ndiye sikuwa naye."

Nikaanza kumweleza jinsi nilivyotafuta, nisije nikamletea kitu kibovu. Aliniacha nimalize.

"Jumamosi ile nyingine ulikuwa Kakuma," alisema.

Hakuuliza. Huku kwetu mtu haonekani mahali halafu habari zisifike. Aliniambia kwamba alipopata habari kuwa niko Kakuma, alimwambia mkewe achemshe maji ya chai, na kwamba walikaa na sufuria mpaka jua likazama. Aliyasema hayo bila ukali wowote. Afadhali angenitukana. Nilimwambia ni kweli, nilikuwa pale, nilikuwa nachagua. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa kazi ya mjini.

Kisha akamwita shemeji amletee mbuzi.

Nilijua mila. Mgeni wa damu akitoka mbali huchinjiwa, na mgeni hana ruhusa ya kukataa. Kukataa ni kumwambia mwenyeji kwamba ni maskini. Hata hivyo nilikataa. Nilisema nimekula njiani, nikasema tumbo linanisumbua, nikasema wachache hawa waachwe. Kaka aliinuka kwa kuegemea mkuki wake. Shemeji alimleta beberu mdogo mwekundu, sikio moja limeraruka, kidonda bado kibichi. Alikuwa mmoja wa wale waliopona. Kaka alisimama kwa mguu mmoja, akamchoma kwa mkuki mara moja chini ya bega, akakaa chini tena akihema.

Nililetewa paja. Nilikula. Nyama ilikuwa nzuri na nilikuwa na njaa, kwa sababu nilidanganya kwamba nimekula, na nilimeza kila kipande nikiona aibu mpaka masikioni. Fisi walikuwa wamekula wakashiba, na sasa ilikuwa zamu yangu. Yeye alikula kidogo, akinisimulia ya zamani, mpaka akafika kwenye kisa cha mbuzi mwenye mimba na mfadhili wangu. Shemeji alicheka. Nami nikacheka.

Jua lilipoinama alitazama uzio, pale palipolala, akatazama mzigo wangu.

"Na panga?" akauliza.

Niliupapasa ule mfuko kana kwamba panga linaweza kujileta lenyewe. Nikamwambia sikuleta. Anajua ninachouza, mapanga yananing'inia juu ya kichwa changu tangu asubuhi hadi jioni, makubwa kwa madogo. Alimtuma shemeji kwa majirani kuazima, na shemeji akajifunga mtoto mgongoni, akaenda.

Nilibaki siku mbili, zile zile alizoniomba. Nilikata mathenge, ile miti yenye miiba, mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikaburuta matawi, naye akanielekeza kutoka kwenye kigoda, shina ndani, miiba nje, hapana, nje zaidi. Boma lilisimama. Nilipotaka kuondoka nilimwachia upinde ukutani, akanirudishia. Askari wa wanyamapori wakiukuta, alisema, watamchukua yeye, hawatakuja kukamata mtu Lodwar. Kwa hiyo uko hapa, chini ya kitanda, na mishale yake sita haijawahi kuruka. Mke wangu akifagia huusogeza kwa ufagio.

Wiki iliyopita kaka alipiga tena. Nilikuwa dukani, nikimhudumia mteja aliyekuwa anapima kufuli mbili mikononi. Mguu umepona, alisema, amepanda kilima mwenyewe. Fisi alikuja juzi usiku, akazunguka uzio wote, akanusa, akaenda zake. "Amekuulizia," alisema, akacheka, nikacheka.

Kisha akaniambia miiba itanyauka kiangazi kikikaza, uzio utahitaji kuongezwa. Nikamwambia nitakuja.

"Sawa," alisema. "Chai tutaiweka ukishafika."