Flashi ya Docteur Adalbert

Pale mtaani Naviundu, ukimuulizia "Docteur", hakuna atakayekupeleka hospitalini. Watakuonyesha kibanda cha Adalbert, anayepiga fotokopi, anayechapa barua na kutibu kompyuta. Udaktari huo alijitunuku mwenyewe, na dawa yake ilikuwa moja tu: flashi nyekundu yenye antivirusi ya bure, aliyoipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Karibu kila kompyuta ya mtaa ilikwisha kuimeza.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha chuo kikuu, binti yake Syntiche alifungua intaneti kibandani, ikamletea ukurasa wa kamari. Akafungua tena, kamari ileile. Maandikisho yalikuwa yanafungwa jioni, na mwaka jana homa ilikwisha kumkosesha nafasi. Akikosa na safari hii, basi tena.

Adalbert akachomeka flashi. Kompyuta ikatangaza kwamba imepona, kisha kamari ikarudi palepale. Akachomeka tena. Mgonjwa hakuona haya.

"Iyi haiko virus," akasema kwa sauti, huku akimkazia macho Mama Feza, jirani aliyekuwa akikaanga vitumbua mlangoni juu ya mbabula, jiko lake la makaa. "Iyi ni jalousie, wivu tupu! Kuko bantu habapendi mutoto ya mwenzabo asome."

Mama Feza hakuinua hata macho. "Docteur, kama miye najua kuloga, si ningeanza na makala yangu, isizimike?"

Wateja wakaangua kicheko. Adalbert hakucheka; mganga akishindwa, lazima apatikane mchawi.

Syntiche aliwaacha wakubwa na ugomvi wao, akaingia kwenye mipangilio ya mtandao. Akakuta kompyuta imeamriwa ipitie kwanza mlango wa mtu asiyejulikana, ndipo itoke nje. Akaufunga mlango ule, akawasha kompyuta upya. Mlango ukawa wazi tena. Basi anayeufungua yumo humohumo ndani! Akatazama programu zilizoingia karibuni, akamwona mwenyewe: antivirusi ya baba. Akaifuta, akaufunga mlango, akawasha upya, na ukurasa wa chuo ukafunguka. Alijaza fomu, akatuma, ikapokelewa. Machozi ya furaha yalimtoka.

"Papa, flashi yako njo ilileta bugonjwa. Omba Mama Feza pardon."

Adalbert akakohoa. "Minaona. Ni virus ya kule Zambia. Ilipitia mpaka wa Sakania, ikaingia mu flashi bila kupiga hodi."

Wateja wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mmoja wao, Mwape, akasogea na kompyuta yake mkononi. "Docteur, hata yangu iko naleta ile michezo ya kamari, tangu uliitunza. Nitilie dawa tena."

Kwa mazoea, mkono wa Docteur ukaenda kwenye flashi. Syntiche akaiwahi, akatoka nayo mpaka mlangoni, akaitumbukiza kwenye mbabula ya vitumbua, katikati ya makaa. Mama Feza akachukua kipepeo chake, akapepea moto.