Siwezi Kumsogelea Mama Mkwe, na Mashine Yetu Haina Gadi

Admin, ficha jina langu, na kijiji pia usikitaje, maana mashine za kukamua miwa huku upande wa Mayoni si nyingi na watu watanijua mara moja. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nimeoa, nina watoto watatu. Kazi yangu ni kutengeneza sukari nguru. Tunakamua miwa, tunachemsha maji yake kwenye karai kubwa mpaka yawe mazito, yakiganda tunauza. Si kazi ya kujisifia, lakini imenisomeshea watoto.

Mashine si yangu peke yangu. Nilipoanza, benki zilinizungusha mpaka nikachoka, ndipo chama cha akina mama wa kwao mke wangu kikaweka akiba yake yote kwangu. Tukakubaliana nusu ya mashine iwe yao, na wawe wanafanya kazi hapo kwa zamu. Mwenyekiti wa chama hicho ni mama mkwe wangu. Wakati ule niliona nimepata bahati, nikawa natembea nikicheka peke yangu.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Simsalimii kwa mkono, siketi naye meza moja, akija njiani mimi napisha. Msiniambie ni ushamba. Ni heshima, nimelelewa nayo na sioni kosa lake. Kazini tunaambiana mambo kupitia mtu mwingine. Zamu yake ya kulisha mashine miwa ilipokuwa inafika, mimi nilikuwa nahamia upande wa karai, na mfanyakazi wangu mmoja, tumwite Wafula, anasimama penye injini, hatua moja kutoka kwa anayelisha, ili jambo likitokea azime haraka. Tulienda hivyo miaka mitatu bila shida.

Mwaka huu tuliomba pesa za mashine kubwa kutoka mfuko fulani unaosaidia biashara ndogo. Akaja ofisa, mama mpole sana mwenye daftari. Alitutazama siku nzima, kisha akaniuliza, "Mna watu wengi kwa miwa michache. Huyu anayesimama tu hapo kando ya injini anafanya nini?" Nikamwambia anasaidia tu hapa na pale. Akasema atarudi, na akikuta watu wamepungua na miwa imeongezeka, ombi letu atalipitisha.

Wiki hiyo hiyo nikamwachisha Wafula kazi. Nikabadilisha puli, lile gurudumu la mkanda wa injini, ili roli zinazosaga miwa zizunguke kwa kasi. Halafu nikafungua gadi, kile chuma kinachozuia mikono isifike kwenye roli, kwa sababu kilikuwa kinatuchelewesha. Hakuna aliyenituma. Nilishika spana mimi mwenyewe, na akina mama wakafurahi. "Hii kitu ilikuwa inatusumbuanga bure," mmoja akasema. Na kweli kazi ikaenda mbio. Kusimama penye injini sasa ni jukumu langu, na kwa akina mama wengine nasimama vizuri tu. Lakini mama mkwe akishika muwa, miguu yangu inanitoa pale yenyewe, na penye injini hapabaki mtu.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake. Nilikuwa karibu na karai, hatua kama kumi na tano. Nikaona ncha ya leso aliyojifunga kiunoni imeingia pamoja na muwa. Roli zikaanza kumvuta. Ningekimbia ningefika. Nilipiga hatua mbili nikasimama, maana injini iko ubavuni pake kabisa na leso ilikuwa inamtoka mwilini. Nilisimama kwa aibu. Sijui ni kwa muda gani, lakini nilikuwa naona mkono wake ukisogea karibu na roli, na bado nimesimama. Alifanikiwa kuifungua mwenyewe. Leso ikaenda yote, ikatokea upande wa pili imechanwachanwa ndani ya makapi, na mimi nikageuza uso nisimwone.

Baadaye alimtuma mwenzake kwangu: "Mama anasema usiogope, ni leso tu. Na usiambie mtu, tusikose ile pesa."

Ofisa anarudi Alhamisi, na mama mkwe amesema siku hiyo atalisha yeye. Nilimtuma mke wangu amwombe akaanike makapi badala yake. Akarudi na jibu: "Mama anasema mwenyekiti hawezi kuogopa kazi yenye anapatianga wengine. Na anauliza kama unataka kumtoa kwa mashine yake." Nikirudisha gadi, miwa itapungua na ofisa ataona. Nikimrudisha Wafula, watu wameongezeka. Akina mama kumi na wawili wanaingojea pesa hiyo, na wengine wao ni wajane ambao hawana akiba nyingine popote. Nikikaa kimya, Alhamisi nitakuwa tena kando ya karai, natazama.

Najua wengine mtanitukana. Nimeshajitukana vya kutosha, nipeni akili tu. Kitu kinachonimaliza zaidi ni kwamba mke wangu, aliyesikia habari kwa akina mama, aliniuliza ilikuwaje mashine ikameza leso ya mama yake na mimi nipo. Nilimwambia nilikuwa nimeenda nyuma kupokea miwa, sikuona kitu. Akaniamini. Akaniwekea chakula, akaketi karibu nami, akasema, "Najua ungekuwa hapo ungemtoa."

Zimebaki siku nne. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?