Fimbo ya Biliadi na Mjomba wa Mgeta

Kwetu Waluguru, mjomba akisema hapana, hata baba haigeuzi. Ndiyo maana nilipomwona mjomba wangu anaingia kwenye kibanda cha puli, Mwembesongo, mchana kweupe, tope la milimani Mgeta bado limeganda kwenye viatu, nilijua mama ameshampigia simu kunishtaki kwa huu mchezo. Jumapili kulikuwa na mashindano ya mtaa, na msichana aliyejiandikisha nilikuwa mimi peke yangu. Kichwani nilishabeba kombe. Hata hotuba nilishaitunga, na mahali pa kulia kidogo nilishapachagua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo ndiyo fimbo yenyewe?"

Ilikuwa yangu. Mwenye meza alinipa ilipochakaa, nikaipaka mafuta, nikaifunga kitambaa pa kushikia. Mjomba aliichukua, akaikamata huku na huku kama mtu anayetaka kuvunja kuni gotini. Vijana kwenye benchi wakageuka, mmoja akaropoka.

"Mzee, usivunje! Huyo ndiye bingwa wetu!"

"Bingwa wa uvivu," mjomba akasema. "Mchezo wa wahuni huu."

Nikaona nijiokoe kwa elimu. Kidato cha nne nilitoka na matokeo ya kuficha, lakini jambo likinipendeza nalisoma kwenye simu mpaka bando linakata.

"Mjomba, huu mchezo una heshima yake. Puli ni mtoto wa biliadi, na biliadi ni neno la Wafaransa. Mwanzoni lilikuwa jina la fimbo ya kugongea mpira, limetoka kwenye neno lao la kipande cha mti. Baadaye mchezo wote ukaitwa kwa jina la fimbo yake."

Nilidhani nimemaliza kazi.

"Kumbe fimbo ndiyo mwenye mchezo," akasema taratibu. "Basi nikiivunja hii, nimemaliza yote."

Benchi likaguna. Mdomo wangu huu!

"Walikuwa wanacheza nje, mjomba," nikaendelea. "Kwenye majani, wanagonga mipira chini. Halafu wakaupandisha mezani, ndani ya nyumba. Kitambaa wakakiweka cha kijani, kama yale majani."

Akaitazama meza. Akakipapasa kitambaa kwa kiganja, polepole, kama anavyopapasa kitalu chake cha karoti asubuhi. Kisha akainyanyua fimbo tena. Nikafumba macho, nikingoja mlio wa kuvunjika.

Haukuja. Nilipofumbua jicho moja, yeye naye alikuwa amefumba moja, anaichungulia fimbo kutoka mkiani mpaka nchani, vile anavyofanya na mipini ya majembe anayochonga kule juu.

"Imepinda."

"Ndiyo, mjomba."

"Na unashinda nayo hivyo hivyo?"

"Namfunga hata yule," nikamwonyesha yule mropokaji. Benchi likalipuka kwa vicheko.

Mjomba hakucheka. Aliiweka fimbo kwapani akatoka nayo mpaka kwenye lori lililomleta na kabichi sokoni. Nikamfuata mbio, bado sijui kama nimepona.

"Mjomba, na Jumapili je?"

Alipanda kwanza, akailaza ile fimbo juu ya magunia matupu.

"Jumamosi nashuka na mzigo mwingine. Nitachonga nyingine kwa kipimo cha hii, nikuletee iliyonyooka. Mama yako niachie mimi."

Lori likaondoka. Ndipo nikafumbua ngumi yangu: chaki ya kupaka ncha ya fimbo, niliyoishika tangu mjomba anaingia, ilikuwa imesagika yote humo, bluu mpaka kwenye kucha.