Mchumba Mwenye Ajira ya Takwimu

Kwa ushenga sina mpinzani, kuanzia Mbinga mjini hadi ziwani. Juzi nilikuwa Litembo namsifia kijana mwenye stashahada lakini hana kazi. Shangazi wa binti tunayemposa alikuja kumkagua nyumbani kwao, nami swali la kazi nalikwepa kistadi, mara akaingia dada wa takwimu na kishikwambi chake, anapima ukosefu wa ajira.

"Wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata saa moja?" akamuuliza kijana.

"Nilimsaidia baba kuchuma kahawa ya kuuza."

"Basi una ajira," akasema, akibonyeza.

Nikadakia hapo hapo. "Umesikia, shangazi? Serikali imeshathibitisha."

Shangazi akafunga khanga yake upya, polepole. "Alilipwa?"

"Hata kama hakulipwa, shangazi," akajibu dada wa takwimu, "anayesaidia shamba la familia naye tunamhesabu."

"Nchi nzima mnahesabu hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi serikali imwoze binti yake."

Ndugu msomaji, asilimia ile ya ajira wanayotangaza redioni inakwambia nani kashika kazi. Nani ataweza kulisha mke, hilo nchi bado imewaachia mashangazi.